Sikio Lisilokuwa Langu

Kosa langu lilianzia kwenye fomu. Kila Novemba kiwanda nilichokuwa nikifanyia kazi Thika kilitugawia fomu ya tathmini, na swali la nne lilisema: taja uwezo wako mkuu na utoe mfano. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri kwamba nina uwezo wa kugundua hitilafu ya mashine kabla haijaleta hasara. Mfano nilioutoa ulikuwa wa mashine ya pili ya kufunga pakiti. Ulikuwa mfano wa kweli mwanzo hadi mwisho, ila haukuwa wangu.

Ulikuwa wa mzee mmoja tuliyemwita Guka, kama vijana wa Kiambu wanavyowaita babu zao. Jina lake sitaliandika. Haya ninayoyasema anayajua na ameniruhusu kuyasema, lakini aliniomba jina libaki lake. Aliingia kiwandani akiwa kibarua wa kupakua magunia, na mashine alizijua kwa kuzitazama, mwaka baada ya mwaka. Cheti hakuwa nacho hata kimoja.

Aliyeishi Thika anaijua Julai yake. Wingu linakaa chini kutwa nzima, na ovaroli uliyoifua jana unaivaa leo ikiwa bado na unyevu. Julai hiyo pakiti za zamu ya asubuhi zilianza kurudishwa na wenye maduka zikivuja. Mafundi waliifungua mashine mara mbili na kuifunga tena. Kipimo cha joto kilisoma sawasawa, kwa hiyo lawama ikahamia kwa walioleta nailoni.

Guka alichukua pakiti moja akaiweka sikioni. Aliibana taratibu kwa vidole viwili, macho ameyafumba. Nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi cha kusikia pumzi zake. Akachukua ya pili, ya tatu, hadi kumi hivi, kisha akasema, "Mami, zote zinapumua kona ya kushoto. Hicho kipimo kinasoma katikati."

Hapo ndipo ugonjwa ulipokuwa. Kipimo kilikuwa kimepachikwa karibu na hita, na katikati ya taya za mashine palipata joto mapema. Ncha za chuma zilikuwa bado na baridi ya usiku wakati zamu inaanza, kwa hiyo plastiki ilibanwa bila kuyeyuka vizuri. Guka aliiacha mashine iwake bila kufunga kitu. Kila baada ya muda alipitisha mgongo wa mkono karibu na taya bila kuzigusa, kutoka ncha hadi ncha, akilinganisha joto. Akabadilisha na kile kitambaa kinachozuia plastiki isinate, maana upande wa kushoto kilikuwa kimechakaa hadi nyuzi zinaonekana. Pakiti za kwanza alizisikiliza moja moja. Hakuna iliyopumua.

Mimi nilikuwa karani wa uzalishaji. Nilichofanya ni kuandika: saa, hesabu ya pakiti, upande uliovuja, kilichobadilishwa. Ripoti ilikuwa nzuri, nalisema hilo bila haya. Meneja aliisoma, akaniita ofisini kwake, akasema, "Hii umeifanya vizuri sana." Nikajibu asante. Siku hiyo nilijiambia kwamba anaisifu ripoti. Kufikia Novemba nilikuwa nimeisimulia habari hiyo mara nyingi kwa maneno ya "tuligundua", na kutoka "tuligundua" hadi "niligundua" ni hatua fupi mno. Niliipiga kwa kalamu na sikutetemeka.

Januari nikapandishwa cheo, nikawa msimamizi wa zamu.

Naishi Ruiru, upande wa Kihunguro, na nyumba ya mama haiko mbali. Jioni nilipompelekea habari alifurahi, akaniuliza ni nani aliyenifundisha mashine. Nikamwambia nilijifunza mwenyewe. Alinyamaza kidogo, kisha akaniongezea chai. Mama si mtu wa kudanganywa kuhusu kazi za mikono. Miaka mingi alikuwa kibarua wa kuchavusha kahawa hapa Ruiru. Watu wanaisifu Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985, kwa kuwa inahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani. Wachache wanajua kwamba ni chotara, na mbegu yake hutengenezwa ua kwa ua. Kahawa ya arabika hujichavusha yenyewe, kwa hiyo lazima uiwahi: ua likiwa bado limefumba kama mshumaa mdogo, unalivua petali zake pamoja na stameni zilizoshikamana nazo, unaacha sehemu ya kike peke yake, unalifunika tawi kwa mfuko, kisha unarudi na chavua ya mti mwingine. Maua ya kahawa huchanua kwa pamoja baada ya mvua na hayamngoji mtu. Niliwahi kumwona mama akilionyesha tendo hilo jikoni kwa ua la mkahawa wetu wa nyuma ya nyumba, kidole gumba na cha shahada, bila kulitikisa tawi. Mimi niliyelelewa na mikono ile ndiye niliyekuja kumnyang'anya mtu mwingine mikono yake. Sina pa kujificha kwa kusema sikujua.

Cheo kilinidai mapema. Machi, mashine ya nne ilianza kukata pakiti kwa mshazari. Meneja akasema, bila ubaya wowote, "Hii ni kazi yako, wewe una jicho." Nilisimama mbele ya mashine hiyo nikasikiliza, nikagusa, nikazunguka. Niliona mashine tu. Guka alikuja na kitambaa kama anayefuta vumbi, akainama kando yangu, akaninong'oneza, "Rola ya chini. Imelegea skrubu upande wa ukuta." Kisha akaenda zake ili nionekane nimeipata peke yangu. Mpaka leo nikikumbuka mgongo wake akiondoka, mwili hunisisimka.

Laiti ningekoma hapo. Mwaka uliofuata kiwanda kilipunguza watu, na kanuni ikawa kwamba opareta asiye na cheti mkataba wake hauongezwi. Tuliitwa wasimamizi watatu, orodha ikawekwa mezani. Guka alikuwa wa sita kutoka juu. Meneja aliuliza swali la haki kabisa: "Kuna mtu hapa ambaye tukimkosa mashine zitalala?" Kumtaja Guka kulihitaji sababu, na sababu ilikuwa ndani ya fomu yangu. Nilitazama mikono yangu. Mwenzangu mmoja akasema hakuna. Karatasi ikakunjwa.

Hilo ndilo ninaloliungama hasa. Kuandika sifa isiyo yangu ulikuwa wizi. Kunyamaza kwenye meza ile kulimtoa mtu kwenye riziki yake.

Nilikuja kubanwa na masomo. Nilijiandikisha diploma ya usimamizi, madarasa ya Jumamosi mjini Thika, na muhula wa pili mwalimu alitupa kazi iliyoonekana nyepesi: andaa jalada la uwezo wako. Akaweka sharti moja. Kila uwezo unaodai unao, andika siku ulipoonekana, kazi iliyofanyika na shahidi aliyekuwepo. Wenzangu walilalamika kwamba ni kazi ya polisi. Mimi nilirudi Ruiru nikakaa mezani hadi usiku wa manane. Kila nilipoandika "kugundua hitilafu", shahidi alikuwa mmoja, na ndiye mwenye uwezo wenyewe.

Nikaifuta mistari hiyo yote. Uliobaki ulikuwa uwezo mmoja ambao sikuwahi kuuthamini, kwa sababu hauna kelele ya mashine: naweza kumtazama mtu akifanya kazi na kuiandika jinsi ilivyokwenda, mwingine akaisoma na kuifanya. Siku ilikuwepo, Julai ile. Kazi ilikuwepo, ile ripoti. Shahidi alikuwepo. Miaka yote nilikuwa nimekalia kipaji changu halisi huku nikivaa cha mwenzangu. Na kibaya zaidi, kipaji hicho ndicho ambacho Guka alikihitaji kwangu. NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, hutahini mafundi kwa ngazi tatu, kuanzia ya tatu hadi ya kwanza, na aliyejifunzia kazini huruhusiwa kufanya mtihani huo. Habari hizo zilikuwa zimebandikwa ubaoni kwetu. Kama ningekaa naye jioni chache nikamsaidia kujaza karatasi, orodha ile isingemkuta mikono mitupu.

Jumatatu nilimwandikia meneja barua ya kurasa mbili, nikaeleza ya Julai, ya fomu na ya mezani. Aliisoma nikiwa nimesimama. Hakunifukuza. Alinirudisha kwenye ukarani, na nilikubali. Kuhusu Guka alisema nafasi imeshajazwa, ila akipata cheti ombi lake litasomwa kama la mwingine yeyote.

Nilimtafuta Makongeni, ambako sasa anaendesha mashine ya kusaga unga. Nilisimama mlangoni mpaka mteja wa mwisho akaondoka na mfuko wake. Nilimwambia yote bila kuruka neno. Alisikiliza huku akikung'uta unga kwenye mikono, na sikuona uso wake ukibadilika. Nilipomaliza alisema, "Nilijua tangu ile Januari." Kisha, baada ya muda: "Mke wangu alikasirika zaidi yangu. Bado amekasirika." Sikumwomba anisamehe siku hiyo, na yeye hakuligusia neno hilo.

Nilimpa maelezo niliyokuwa nimeyaandaa ayaambatishe kwenye maombi yake ya mtihani, kazi alizozifanya, moja baada ya nyingine, kwa tarehe, na sahihi yangu kama shahidi. Akaniambia nimsomee, maana miwani aliiacha nyumbani. Nikaanza na ile ya Julai. Nilipofika mahali nilipoandika kwamba aliiacha mashine iwake dakika ishirini, aliinua mkono.

"Si ishirini, mami. Dakika sikuzihesabu. Nilingoja mpaka ncha zote mbili ziwe na joto moja. Siku ya baridi kali ni nusu saa, siku ya jua hata kumi hazifiki. Ukiandika ishirini, mtu ataweka saa, halafu pakiti zivuje."

Nikatoa kalamu, nikaikata ishirini, nikaandika juu yake jinsi alivyosema. Aliegemea mashine yake, akafumba macho.

"Soma tena," akasema. "Anzia juu."