Kutoka Meza ya Kanga hadi Kitanda cha Mgonjwa

Kwa miaka tisa nimeuza kanga na vitenge katika Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Sasa nina umri wa miaka 31, mama wa mtoto mmoja, nami nimeazimu kusomea uuguzi. Wengi wameniuliza sababu. Wengine, wenye nia kama yangu, wameniuliza namna ya kuchagua chuo. Nawajibu wote pamoja.

Sababu yangu ni hii. Siku ya Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa liliporomoka hapa Kariakoo. Watu wengi walikufa, na makumi wakatolewa chini ya kifusi wakiwa hai. Sisi wa mitaa ya jirani tulikimbilia huko. Mimi nilipeleka maji, na kanga za kuwafunika watu. Kijana mmoja aliyelazwa kando ya njia alinishika mkono akasema, “Dada, mguu wangu ukoje?” Kazi yangu ni maneno, nayo ndiyo yanilishayo, lakini pale sikuwa na neno la kumfaa. Tangu siku hiyo natamani kuwa mtu ajuaye la kufanya.

Mjomba wangu hakupendezwa. Aliniambia, “Mama, meza yako yakupa chakula kila jioni. Nesi hungoja mwisho wa mwezi, tena akibahatika kuajiriwa.” Maneno yake ni ya kweli, wala si vema kuyafunika. Siku hizi wako wauguzi waliomaliza masomo, wana leseni mkononi, na bado wangojea ajira. Anayekwenda chuoni akidhani kwamba cheti ni mshahara, afadhali abaki sokoni. Kwa hiyo mimi sikuiuza meza. Mdogo wangu ataiendesha, nasi tutagawana faida. Fungu langu litalipa ada.

Wengine husema kwamba nimechelewa. Florence Nightingale, ambaye siku yake ya kuzaliwa, tarehe 12 Mei, ndiyo sikukuu ya wauguzi duniani, alikwenda kujifunza kwa masista wa Kaiserswerth, Ujerumani, mwaka 1851. Naye alikuwa na miaka 31. Tena msidhani kwamba sokoni na hospitalini hapapatani. Sewa Haji, tajiri wa Bagamoyo aliyekufa mwaka 1897, alikuwa mfanyabiashara, na fedha yake ndiyo iliyojenga hospitali ya zamani ya Dar es Salaam. Jina lake limebaki katika jengo la wodi pale Muhimbili, mwendo wa miguu tu kutoka mezani kwangu.

Basi, chuo huchaguliwaje? Kwanza tazama cheti chako mwenyewe. Kwa stashahada ya miaka 3, hapana budi uwe umefaulu masomo manne katika kidato cha nne, bila kuhesabu masomo ya dini, na ndani yake ziwemo Biolojia, Kemia na Fizikia. Nilikitoa changu sandukuni, nikamshukuru mwalimu wangu wa Kemia, kwa maana enzi zile sikumpenda.

Baada ya hapo, fanya kama mteja wetu wa Kariakoo. Mteja hodari hanunui kitenge kwa kutazama kipande cha juu. Hukikunjua, hukivuta kwa mikono miwili, hukipeleka mwangani. Nami nilikwenda kwenye vyuo na maswali matatu.

La kwanza: Je, chuo kimesajiliwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi? Usiulize mlangoni pa chuo, ukaulize kwenye Baraza lenyewe. Jirani yangu wa sokoni alimlipia binti yake ada ya mwaka mzima mahali fulani, kisha akaambiwa kwamba masomo yale hayatambuliwi. Fedha haikurudi, na mwaka haukurudi.

La pili: Wanafunzi hujifunzia wodi gani, na kwa siku ngapi? Swali hili sikuliuliza ofisini. Niliwauliza wanafunzi wenyewe, kwa mama lishe, wakila. Katika chuo kimoja waliniambia kwamba husimama watu kumi na wawili kwa mgonjwa mmoja, na wa nyuma huona migongo ya wenzake. Kufunga kidonda hakujifunzwi kwa kutazama mgongo.

La tatu: Je, waliomaliza hufaulu mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga? Bila leseni hiyo hakuna kuuguza, hata uwe na joho la mahafali.

Vyuo vya karibu na nyumbani nilivitembelea kwanza, kwa maana nilitaka kulala kwangu. Lakini moyo wangu umetulia juu ya Ndanda, huko Kusini, mahali Wabenediktini walipoanzisha misheni mwaka 1906, na penye Hospitali ya Mtakatifu Benedikto. Wagonjwa wako jirani na darasa, nami ndicho nilichokuwa nikitafuta.

Gharama kubwa si ada. Binti yangu ana miaka minane. Mama yangu aliponisikia alikaa kimya, kisha akasema, “Mwanangu, mtoto ana bibi, atakula na atalala. Lakini nani atamwambia kwamba humkimbii?” Nilimwambia mimi mwenyewe, jioni ile ile, tukikunja kanga. Hakulia. Aliuliza kama nitakuwepo Krismasi. Nikamjibu kwamba wagonjwa huugua hata Krismasi, kwa hiyo sitamwahidi nisichokiweza. Alikunja kanga mbili zaidi, ndipo akasema, “Basi uje Pasaka.”

Ndugu msomaji, kama una nia hii, usiifanye kwa kuuchoka usokota wa soko tu, kwa maana wodini nako kuna uchovu, tena wa usiku. Zungumza na wale watakaobeba mzigo wako nyumbani kabla hujazungumza na chuo. Kisha kikunjue kitambaa, ukivute, ukitazame mwangani. Kikikufaa, lipa bei yake bila kulalamika, na Mungu akubariki.