Dar hadi Tukuyu na watoto wawili: kwa nini tulilala Iringa kwanza

Kutoka Dar es Salaam hadi Tukuyu ni karibu kilomita 900. Kijana asiye na familia akizimaliza kwa siku moja hujisifu mwaka mzima. Mume wangu alikuwa mmoja wao. Kabla hatujaoana alikuwa anatoka Kimara usiku wa manane, anakula chipsi Iringa akiwa amesimama, na usiku unaofuata yuko kwao Rungwe akisimulia. Alipozaliwa mtoto wa kwanza alianza kupunguza mbio. Wa pili akafunga mjadala.

Likizo ya Juni tulisafiri wanne: sisi wawili, binti wa miaka minne, na mdogo wake wa miezi tisa ambaye babu na bibi walikuwa hawajamwona ila kwenye simu. Mama mkwe ana mtoto wa jicho. Kwenye simu alikuwa anasema, "Namsikia, ila uso siuoni vizuri." Maneno hayo ndiyo yaliyotutoa nyumbani, maana fedha za safari hazikuwa nyingi. Mkataba wa kazi wa mume wangu ulikwisha Aprili na haukurudiwa, na wazazi wake walikuwa hawajui.

Tulipanga kulala Iringa kwa wasimamizi wetu wa ndoa. Zamani walikuwa majirani zetu Kimara, jumuiya moja, na walihamia Iringa kikazi mwaka aliozaliwa binti yetu. Baba mkwe aliposikia hakupenda. Kwa wazee wengi safari ya kwenda nyumbani haina kituo, na mtoto anayelala kwa watu njiani ni kama ameona nyumba bora kuliko ya baba yake. Aliuliza kwenye simu, "Iringa una ndugu gani?" Mume wangu akajibu ni wasimamizi wa ndoa. "Hao ni watu wema," baba akasema, "lakini nimeuliza ndugu."

Msimamizi wetu ndiye aliyelimaliza. Aliomba namba, akampigia mzee mwenyewe. "Shikamoo baba. Mimi ndiye niliyesimama na mwanao siku ya ndoa. Naomba ruhusa yako watoto wapumzike kwangu usiku mmoja, kesho nawaleta kwako wazima." Kuombwa ruhusa kulimlainisha. Mzazi mwenzangu, kama una mzee wa aina hii, anayewapokea ndiye apige simu. Wewe ukieleza unasikika kama unajitetea.

Tuliondoka saa kumi alfajiri. Ukichelewa zaidi ya hapo, malori ya kuanzia Kibaha, Mlandizi hadi Chalinze yatakumaliza kabla hujaona mlima wowote. Watoto tuliwabeba wakiwa wamelala, wakaamka karibu na Morogoro, milima ya Uluguru ikiwa mbele yao. Hapo tulisimama nusu saa: uji wa themosi, nepi, na binti kukimbia kuzunguka gari mpaka achoke. Nimeona kwamba mtoto wa umri huo akikimbia dakika kumi anakaa kwa utulivu saa moja na nusu. Ukimnyima hizo dakika kumi utalipa mbele.

Baada ya Morogoro barabara inakatiza katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi. Hakuna kiingilio kwa anayepita tu, na kwa mtoto hii ndiyo sehemu bora ya safari nzima. Tuliona swala, pundamilia, nyani wengi, na twiga mmoja aliyekuwa anatuangalia kama sisi ndio wa kutazamwa. Yako matuta na vibao vya mwendo, na viko vibao vinavyoonyesha faini ya kila mnyama ukimgonga. Binti alitaka tuwarushie nyani ndizi. Jibu ni hapana, na vioo vya upande wa mtoto vibaki vimefungwa. Nyani aliyezoea kulishwa barabarani huishia chini ya tairi la lori.

Ukishapita mji wa Mikumi unaingia bonde la mibuyu, Mto Ruaha Mkuu ukiwa kando yako, na joto linapanda. Pale Ruaha Mbuyuni vitunguu vyekundu vimepangwa pembeni mpaka unaona haya kupita bila kununua. Nilinunua vya mwenyeji wetu. Halafu inakuja Kitonga.

Kitonga ni mlima wa kona juu ya kona, na malori ya Zambia na Kongo yanaupanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Lori moja likiharibika, wote mnasubiri. Siku hiyo hakuna lililoharibika, lakini kona zilitosha kumtapisha binti. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Juni 2019, kwa hiyo nilikuwa na kopo kubwa la mfuniko, taulo lililolowekwa maji, na fulana mbili za akiba mahali ambapo mkono unafika. Nilikuwa nimempa biskuti kavu tu tangu Mikumi. Maziwa kabla ya Kitonga usijaribu. Yule wa miezi tisa alilala kona zote, hata sijui walizaliwa tumbo moja vipi.

Juu ya mlima hewa inabadilika, unapita Ilula na matenga yake ya nyanya, na saa kumi jioni tulikuwa Ipogolo, bondeni, tukiutazama mji wa Iringa ulivyokaa juu ya kilima. Saa kumi na mbili kamili barabarani na watoto. Ningeambiwa kwamba bado kuna nusu ya safari siku hiyohiyo ningelia.

Usiku ule ndio ninaotaka kuueleza zaidi, ingawa hakuna kivutio cha utalii ndani yake. Mwenyeji wangu alichemsha maji ya kuoga bila kuulizwa, maana Iringa mwezi wa sita ni baridi na watoto wa Dar hawaijui. Alimchukua mdogo mgongoni, akamfunga kwa khanga, akaendelea kupika. Nilikaa. Sikumbuki mara ya mwisho kukaa jikoni kwa mtu bila kushika chochote. Kwa mkwe siwezi kukaa hivyo siku ya kwanza, na sisemi kwa ubaya. Mkwe ana nafasi yake na kazi yake, na mimi naipenda. Ila mwili una kiasi chake.

Watoto walipolala tulisali, tukabaki wanne mezani. Msimamizi akamuuliza mume wangu kazi inaendaje. Akamwambia yote: mkataba, madeni mawili, kibarua anachofanya sasa, na kwamba baba yake hajui. Alikuwa amenunua sukari, kitenge cha mama na viatu vya baba ili asionekane mtu asiye na kazi.

Msimamizi hakumpa mahubiri. Aliuliza tu, "Utakaa Tukuyu siku ngapi?" Nne. "Basi mwambie usiku wa kwanza. Ukimwambia siku ya nne atahesabu kwamba siku tatu ulikuwa unakula naye huku umemficha." Kisha wakazungumza mpira.

Mimi nilikuwa nimemwambia jambo hilohilo tangu Mei, kwa maneno mengi zaidi. Mke hasikiki sawasawa anapozungumzia baba wa mtu. Yuko aliyewekwa siku ya ndoa kwa kazi hiyo, na wengi wetu tunamkumbuka kwenye picha tu.

Asubuhi mwenyeji wangu alinipa kikapu cha Iringa, vile vilivyosukwa kwa milulu. "Mpelekee mama yako. Mwambie umetoka kwa binti yake mwingine." Tukaondoka saa mbili.

Nusu hii ya pili ni rahisi kwa watoto, mradi wamevaa. Kilomita kama 20 kutoka Iringa kuna Isimila, penye nguzo za udongo na zana za mawe za watu wa kale. Sisi hatukuingia, mkiwa na mtoto wa darasa la nne na kuendelea ingieni. Mafinga ni misonobari ya Sao Hill pande zote mbili, Makambako ni upepo unaopenya sweta. Soksi, kofia na blanketi viwe ndani ya gari, visiwe kwenye buti chini ya mizigo. Kuanzia Makambako reli ya TAZARA inakuwa jirani yako, na binti alisubiri treni kwa saa nzima bila kuiona. Chimala tulikula wali. Kwenye vijiji fuata kibao cha 50 kwa uaminifu, kwa sababu trafiki wa tochi wapo na faini ni hela ya nepi.

Uyole unaiacha barabara ya Mbeya mjini, unashika kushoto na kupanda. Isyonje kuna baridi na viazi, halafu unaanza kushuka na kila kitu kinageuka kijani: migomba, chai, mvua nyepesi isiyoulizwa. Mlima Rungwe ulikuwa umejifunika mawingu. Mume wangu alizima redio. Kila mara anaizima hapo.

Mama mkwe alikuwa amesimama barazani. Alimpokea mdogo, akamsogeza karibu kabisa na uso wake, pua kwa pua, akamgeuza kwenye mwanga wa mlango. Alimwangalia muda mrefu. "Ana paji la uso la marehemu kaka yangu," akasema. Mtoto akamshika pua. Binti yetu alikuwa amefundishwa njia nzima kusema "Ugonile", akaona haya, akajificha nyuma yangu, akalisema kesho yake kwa kuku.

Tulikula mbalaga. Baada ya chakula mume wangu akamwambia baba yake. Nilikuwa naosha vyombo na mama, mlango ukiwa wazi. Mzee alinyamaza. Kisha akauliza swali nililokuwa naliogopa: "Na Iringa umewaambia?"

"Ndiyo, baba."

"Kabla yangu."

"Ndiyo, baba. Walisema nikuambie leo, nisilale nalo."

Mama aliacha kusuuza. Nje mvua ilikuwa inaendelea. Mzee akaanza kusimulia, si kwa hasira, miaka ya sabini alipokuwa kibarua kwenye ujenzi wa reli. Aliugua homa Makambako, akalazwa wiki mbili nyumbani kwa mzee wa kanisa asiyemjua, na baba yake alikuja kupata habari akiwa ameshapona. "Baba yangu alikasirika sana," akasema. Hakueleza zaidi. Baadaye akauliza madeni ni kiasi gani, wakahamia kwenye hesabu, wakaongea mpaka taa ikazimwa.

Jumapili tulisali nao. Wamoraviani walifungua misheni yao Rungwe mwaka 1891, na kwa wakwe zangu kanisa si jambo la kuchagua, ni ukoo. Marafiki wa mama walimbeba mdogo benchi moja hadi jingine mpaka sikujua yuko kwa nani, na ibada ikaisha bila mimi kumnyonyesha nje hata mara moja. Kikapu cha Iringa kilikuwa mkononi mwa mama. Aliyeuliza aliambiwa kimetoka kwa binti yake wa Iringa, na waliojua idadi ya mabinti zake walibaki wanahesabu.

Siku ya kuondoka buti lilijaa mchele wa Kyela, maparachichi, viazi na mikungu miwili ya ndizi. Baba mkwe aliomba namba ya Iringa aandikiwe kwa kalamu kwenye daftari lake, si kwenye simu. Akapiga palepale, akamwambia msimamizi wetu watoto watafika kwake saa kumi na wasichelewe kupewa maji ya moto. Mkungu mkubwa aliufunga mwenyewe kwa kamba, juu ya mizigo mingine yote. Mume wangu alipotaka kuuhamishia chini ili mlango wa buti ufungwe, mzee akamzuia mkono: huo ni wa Iringa, wetu ni ule mdogo.