Neno Moja Wodini

Daktari alisema, "We'll have to induce her," akageukia kitanda kingine. Shosho akanivuta mkono wa sweta. "Amesema nini?"

Nilikuwa na miaka 22, mwanafunzi wa chuo, mtu wa Kiingereza wa familia. Barua za benki, karatasi za ardhi, maagizo ya dawa, zote zilipitia kwangu. Kwa hivyo sikusema sijui. Nilisema, "Wanataka kumlazimisha azae."

Shosho, aliyetulea mimi na dada yangu, akanyamaza kidogo. "Mtoto halazimishwi. Akiwa tayari atakuja."

Dada alikuwa ameshashika kalamu ya kutia sahihi fomu. Akairudisha mezani. Kiingereza anakijua vizuri tu, lakini usiku huo alikuwa anamsikiliza shosho.

Mimba ilikuwa imepita wiki 41. Kila siku inayopita hapo inamwongezea mtoto hatari, na hiyo ndiyo sehemu daktari hakuifafanua wala mimi sikuuliza. Tulikaa hivyo masaa manne. Nilijua kuna kitu nimeharibu, sikujua ni nini.

Usiku wa manane akaja sista wa zamu, mama mtu mzima. Akaiona fomu haina sahihi, akavuta kiti.

"Shosho, hapa hakuna mtu analazimishwa. Tutamwekea dawa kwa dripu, tuanzishe uchungu. Mwili utaendelea nao."

"Kama kuwasha moto?"

"Kama kuwasha moto."

"Kuni zikiwa kavu," shosho akasema.

Sista akacheka. "Zikiwa kavu. Ndiyo maana tunapima njia ya mtoto kwanza."

Dada akatia sahihi.

Wiki hiyo ndiyo nilifungua kamusi, jambo ambalo ningefanya nikiwa pale wodini na simu mkononi. "Induce" iliingia Kiingereza karne ya 14 ikitoka Kilatini, "inducere": "in" ni ndani, "ducere" ni kuongoza. Kumwongoza mtu aingie mahali. Waingereza walilitumia kwa kumshawishi mtu afanye jambo, na bado wanalitumia hivyo. Hiyo "ducere" imejificha pia ndani ya "introduce", "produce" na "reduce", maneno niliyokuwa nikiyaandika tangu shule ya msingi bila kujua ni ndugu. Mahali pote hapo kuna mtu anaongoza. Kulazimisha nilikuleta mimi.

Kinachoniuma ni kwamba Kiswahili kilikuwa kimeshanipa kila kitu. Sisi kisababishi tunakibeba mkiani mwa kitenzi. Moto unawaka, wewe unauwasha. Mtoto analala, wewe unamlaza. Mama anazaa, mkunga anamzalisha. Uchungu unaanza, sista anauanzisha. Hata kulazimisha kuna mkia huohuo. Mkia unakwambia tu kwamba kuna aliyesababisha. Alisababisha nini, hilo liko kwenye mzizi. Nilishika mkia sawasawa, nikakosea mzizi, na dada yangu akalala masaa manne juu ya kosa langu.

Sitaki kulipamba neno lenyewe pia. Muulize dada kama aliongozwa polepole. Uchungu wa dripu ulimjia kwa fujo, mmoja juu ya mwingine, na kuna maneno alinitukana ambayo hayako kwenye kamusi yoyote. Msichana alizaliwa kesho yake mchana, mzima, akilia kama mtu aliyedhulumiwa.

Sikuwahi kumwambia shosho kwamba mimi ndiye nilikosea. Yeye alidhani daktari alisema vile na sista akamrekebisha, na kwa miezi mingi alikuwa akiwasimulia wageni habari za yule daktari mkali. Mimi nilikuwa namimina chai tu.

Siku hizi bado naitwa kutafsiri. Nikifika, kabla sijafungua mdomo, namuuliza daktari: "Hiyo ina maana mtafanya nini hasa?" Wengine hukasirika kidogo. Nasubiri wajibu.