Hakuna Aliyemuuliza Mama Yake

Mwaka 1984 mvua ilitukatalia. Sisi wa Burat, hapa Isiolo, tulikuwa na nafuu kidogo, kwa kuwa mto Isiolo haukukatika wote na mifereji ya mashamba ilipitisha maji, ingawa ya kulowesha kisigino tu. Wasio na shamba walikula mahindi ya njano ya msaada kutoka Marekani. Wenye shamba tulilinda zamu ya maji usiku kucha. Zamu yangu ilifuata ya rafiki yangu, na yake ilifuata ya jirani mmoja mwenye watoto sita.

Usiku ule jirani alichelewa kufunga maji. Maneno yakapanda, matusi yakamfikia mama wa rafiki yangu, naye akainua mpini wa jembe. Alimpiga mara tatu. Mara ya tatu jirani alikuwa ameshaanguka mferejini. Nasema hivi kwa sababu ndivyo nilivyosema Meru, mbele ya jaji, baada ya kula kiapo, na hadi leo sijabadilisha neno.

Nilikuwa shahidi wa upande wa mashtaka. Siku hizo jaji alikaa na wazee watatu wa kumshauri, utaratibu uliofutwa mwaka 2007. Niliulizwa mwezi ulikuwa unang'aa kiasi gani, nilisimama umbali wa hatua ngapi, alipiga mara ngapi. Nilijibu. Mama wa rafiki yangu alikaa benchi la nyuma, amevaa shanga zake zote. Alikuwa amepanda lori alfajiri akiamini ataitwa aeleze mwanawe ni mtu wa namna gani. Hakuitwa. Na hata angeitwa, isingefaa kitu: kwa kosa la mauaji sheria ilikuwa na adhabu moja tu, kunyongwa. Jaji hakuwa na mahali pa kuweka tabia ya mtu wala malezi yake. Rafiki yangu akahukumiwa kifo.

Tukiteremka kurudi Isiolo, mama yake aliniambia jambo ambalo sijalisahau: "Mwanangu, umesema kweli. Lakini umesema usiku mmoja."

Siku nyingine alizijua yeye. Baba wa rafiki yangu aliuawa wakati wa vita vya shifta, kati ya 1963 na 1967, na mifugo ikaenda yote. Kijana alianza kuchunga mbuzi wa watu akiwa na miaka saba, akilipwa maziwa. Mimi nami nilikuwa na siku yangu ya kusimulia: nilipoumwa na nyoka huko malishoni, ni yeye aliyenibeba mgongoni hadi mjini, hakupumzika.

Julai 1987 redio ilitangaza kwamba Hezekiah Ochuka na Pancras Oteyo Okumu, wanajeshi wa jaribio la mapinduzi la 1982, wamenyongwa katika gereza la Kamiti. Mama alilala siku mbili bila kula. Hakuna aliyejua kwamba hao ndio wangekuwa wa mwisho kunyongwa Kenya. Tangu hapo kila gari la serikali lililopita barabarani lilimshtua. Tarehe 3 Agosti 2009 Rais Kibaki aligeuza hukumu za watu zaidi ya 4,000 kuwa kifungo cha maisha, na rafiki yangu akawa mmoja wao. Mama alifariki miaka michache baadaye. Tulimzika hapa hapa.

Halafu tarehe 14 Desemba 2017, katika kesi ya Francis Karioko Muruatetu na Wilson Thirimbu Mwangi, Mahakama ya Juu ilisema kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kila muuaji ni kinyume cha Katiba. Jaji lazima atazame umri wa mtu, rekodi yake, majuto yake, uwezekano wa kubadilika. Ndipo afisa wa probesheni akaja Burat na daftari, akakaa chini ya mgunga, akatuuliza lile swali ambalo mama alilisubiri Meru.

Majibu hayakufanana. Mjomba wake alisema kijana alikuwa na hasira tangu utoto, na kwamba familia iliificha badala ya kuikanya. Mdogo wake wa baba mwingine alisema, "Mimi simjui. Niliachwa nanyonya." Wanawake waliokua naye walimsifu kupita kiasi, na niliona afisa ameacha kuandika. Mtoto wa jirani aliyeuawa, sasa mtu mzima, alisikiliza hadi mwisho, kisha akanigeukia: "Mzee, baba yangu naye alikuwa na tabia yake. Alikuwa akituimbia tukilala. Hiyo nayo iandikwe." Afisa aliiandika.

Zamu yangu ilipofika nilisimulia mapigo matatu, nikasimulia na nyoka. Hakuna nililopunguza upande wowote. Naamini hivyo ndivyo mtu anavyopaswa kushuhudiwa, na nchi hii ilifanya kosa kubwa kuwanyonga watu bila kuwasikiliza mama zao, wala watoto wa waliouawa.

Mahakama ilimpunguzia kifungo, akatoka. Alikwenda kwanza kwa mtoto wa marehemu akiwa na mbuzi wawili; wakapokewa, yeye akaombwa asikae. Siku hizi anaishi mjini Isiolo. Shamba la mama yake analilima mdogo wake, na zamu ya maji ni Jumatano usiku.