Newala kwa Baiskeli ya Kuunga Wenyewe

*Mume yuko kazini Masasi, mke yuko Dar, na hela ya kiwanja imegeuka fremu ya baiskeli. Hapo mnaanzia wapi kuelewana? Sisi tulianzia kwenye beringi.*

Kuna wanaume wanaoficha nyumba ndogo. Wangu alificha fremu.

Niliikuta uvunguni mwa kitanda chake Masasi, imeviringishwa kwenye blanketi kama mtoto mchanga. Nilikuwa nimeingia usiku wa jana yake kwa basi kutoka Dar, nimechoka, nina likizo ya wiki tatu, na asubuhi ile nilikuwa natafuta ndala tu. Nikaivuta. Nikainyanyua kwa mkono mmoja bila kukaza msuli. Nyepesi kama kapu tupu.

"Hiyo ni kaboni," alisema mume wangu akiwa mlangoni, mswaki mdomoni.

"Shilingi ngapi?"

Akaenda kusukutua. Msomaji, mume akiulizwa bei akakimbilia kusukutua, jua jibu ni kubwa. Lilipokuja lilikuwa hela ya kutosha kununua bodaboda, na ilitoka kwenye akiba yetu ya kiwanja. Huu ni mwaka wa pili tangu ahamishiwe Masasi. Tunaonana likizo na sikukuu, na kile kiwanja ndicho kilichokuwa kinatufanya tujione bado tuna nyumba moja. Tulinuniana siku mbili.

Siku ya tatu nilimkuta barazani amesimama, kaipitisha fremu katikati ya miguu, kajikunja kama panzi. Mtu wa futi sita, kanunua fremu ya mtu wa futi tano na nusu kwa kuiona kwenye picha! Nilicheka mpaka machozi. Naye akacheka.

"Basi ni yako," akasema.

"Kama ni yangu, nataka kujua kila kipande chake na bei yake."

Hivyo ndivyo tulivyoanza.

Kila kipande na mwenzake

Kwanza niseme kaboni ni nini, maana hata mimi nilidhani ni aina ya plastiki. Ni nyuzi nyembamba mno zinazopangwa tabaka juu ya tabaka na kugandishwa kwa gundi ngumu. Inabeba mzigo wake vizuri, lakini haipendi kugongwa na jiwe wala kukazwa kupita kiasi. Chuma kikipinda fundi atakinyoosha kwa nyundo. Kaboni ikipasuka, nyundo haisaidii kitu.

Fremu yetu ilitengenezwa kwa mbio za milimani, zile zilizoingia kwenye Olimpiki mwaka 1996 kule Atlanta. Msidhani ni mchezo wa Wazungu peke yao. Mwaka 2012, London, Mnyarwanda Adrien Niyonshuti alishindana kwenye mbio hizo hizo. Mume wangu alimwona kwenye televisheni, na inaelekea ugonjwa ulianzia hapo. Baiskeli za aina hiyo huwa na shokapu mbele na nyingine nyuma, ili gurudumu lipande na kushuka kwenye mawe bila kumrusha aliyekaa juu.

Masasi hakuna duka la vitu hivyo, ila mafundi wa baiskeli wapo wa kumwaga. Wetu ni mzee aliyezeeka na Phoenix za Kichina na Avon za Kihindi. Aliizunguka fremu mara mbili, akaigonga kwa kucha, akasikiliza. "Haya," akasema, "leteni viungo."

Viungo vilikuwa vinakuja kwa basi, boksi moja moja: foki ya mbele, krenki, gia 12 za nyuma, breki za mafuta. Vingine vilikuwa vya mtumba, vingine vipya. Na hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikulitegemea. Unaweza kununua vipande vizuri kuliko vyote duniani na baiskeli isikamilike, maana kipande hakitazamwi uzuri wake peke yake, kinatazamwa kinaingia wapi. Tulikuwa na beringi za krenki safi kabisa, za kuskurubu. Fremu ilitaka za kushindiliwa. Siku nne zikapita tukisubiri basi lilete nyingine.

Fundi alishika kopo la grisi kupaka bomba la kiti, kama alivyofanya maisha yake yote. Mume wangu akamzuia: bomba la kaboni likipakwa grisi huteleza, lina dawa yake yenye chembechembe kama mchanga laini. Kisha akatoa spana ya kupimia nguvu, maana boliti ile hukazwa kwa nyutoni mita 5 hivi, basi. Fundi alicheka. "Miaka yote hii nakaza mpaka mkono useme basi. Kumbe mkono unadanganya!"

Shokapu za hewa nazo hujazwa kulingana na uzito wa mpandaji, ili ukikaa, ile ya nyuma ishuke kama robo ya mwendo wake. Kwa hiyo ilibidi nitaje kilo zangu mbele ya wanaume wawili. Nilizitaja. Mambo ya ndoa hayo.

Kwenye rimu tuligombana tena. Yeye alitaka za kaboni ili kupunguza uzito. Nikamwambia aluminiamu inatosha, gramu mia kadhaa hazinifanyi nilale njaa, na hela inayobaki irudi kwenye akiba. Alinung'unika, lakini ilirudi. Kumbukeni rimu hizo, tutazikuta mbele.

Mwisho tuliipima kwenye mizani ya duka la nafaka la jirani: kilo 11 na nusu. Fundi akaipima na Phoenix yake hapo hapo. Ilivuka 20.

Kutoka kwenye mawe

Tuliondoka saa 11 alfajiri, mwezi wa saba, kipupwe kinauma masikio. Mimi kwenye kaboni, yeye kwenye baiskeli ya chuma ya mtumba aliyoazima, ambayo kwa urefu wake ilimfaa zaidi.

Kama hujafika Masasi, fikiria mji uliopangwa katikati ya majabali. Milima ya mawe matupu imechomoza yenyewe kutoka kwenye ardhi tambarare, mmoja huku, mwingine kule, na jua likichomoza inageuka rangi ya chungu kilichotoka motoni. Chini ya mojawapo kuna Mtandi, kwenye kanisa kuu la Waanglikana. Historia yake inaanzia mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipokuja kutoka pwani na watu walioachiwa huru utumwani. Safari ilikusudiwa kwenda mbali zaidi, kuelekea Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi wakakaa. Niliwaza hilo nikiwa nakanyaga pedeli: wapo waliotaka kwenda mbali, wakaona hapa panatosha.

Kutoka Masasi hadi Newala ni kama kilometa 70. Barabara yake ni sehemu ya ile ndefu inayotoka Mtwara kupitia Tandahimba, ambayo ujenzi wake wa lami umesubiriwa na vizazi. Sisi tulijitahidi kufuata njia za vijijini, chini ya mikorosho. Msimu huo wakulima hupulizia salfa dhidi ya ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaoua maua ya mkorosho, na harufu yake ilitufuata karibu njia nzima. Tulivuka mto Mwiti. Kisha mbele yetu ukasimama ukuta wa kijani: ukingo wa uwanda wa juu wa Wamakonde.

Mlima na madumu

Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, mtafiti wa mila, alipitia Masasi na kupanda Newala na msafara wa wapagazi. Mimi sikuwa na mpagazi, nilikuwa na gia. Niliweka ile nyepesi kuliko zote, nikafunga shokapu ya nyuma isinesenese, nikapanda taratibu. Kwa mara ya kwanza nilielewa kwa nini mtu analipia wepesi. Mume wangu alikuwa nyuma, anahema kama treni ya mizigo. Sitaficha, nilifurahi kidogo.

Furaha ilikatwa na wanaume watatu tuliowakuta mbele, kila mmoja anasukuma Phoenix iliyofungwa madumu ya maji, manne manne. Dumu moja ni lita 20. Hizo ni kilo 80 juu ya baiskeli ya chuma, na mlima ule ule.

Maji ndiyo hadithi ya Newala. Juu kule ardhi ni mchanga. Mvua ikinyesha maji yanazama, hakuna mto unaopita juu. Zamani kina mama walishuka mabondeni na kupanda tena na mitungi kichwani. Katika miaka ya 1950 ulianzishwa mradi wa maji wa Makonde, wa kuyasukuma maji kwa mashine kutoka chini, lakini bomba likikaa kimya baiskeli ndiyo bomba. Nyumba nyingi zimechimba visima vya kuvunia maji ya mvua.

Mmoja wao aliuliza yangu inabeba madumu mangapi. Nikamjibu haina keria. Akaitazama kwa huruma. "Basi inakubeba wewe tu?"

Sikuwa na jibu.

Tairi ni lile lile

Karibu na kilele jiwe lilichana ubavu wa tairi langu la nyuma. Ndani hatukuwa na tyubu, tulikuwa na dawa ya maji inayoziba vitobo vya miiba. Ule haukuwa mwiba, ulikuwa mpasuko. Dawa ilitapakaa miguuni kama maziwa. Tulivalisha tyubu yetu ya akiba, tukaenda kidogo, tyubu ikachungulia kwenye mpasuko na kupasuka. Kosa letu: hatukuweka kiraka kwa ndani.

Tulisukuma zaidi ya saa nzima kwenye mchanga. Hakuna aliyemlaumu mwenzake, ila kimya kilikuwa kizito. Tukakuta mwembe, chini yake fundi, mbele yake beseni la maji na tyubu zimening'inia kama mishikaki.

Tyubu alizokuwa nazo ni za Phoenix, saizi 28. Tyubu inavutika, ingeingia. Tatizo lilikuwa vali: ya Phoenix ni nene, na tundu la rimu yangu ni jembamba. "Hiki kitundu kidogo, dada," alisema, akatoa tupa ya mviringo. "Nikipanue?"

Nilimtazama mume wangu. Zingekuwa zile rimu za kaboni, hapo tungesema asante na kuanza kutafuta gari. Kaboni haichezewi na tupa barabarani. "Panua," akasema, kisha akanigeukia. "Uliona mbali."

Maneno hayo mawili nilikuwa nayasubiri tangu siku ya fremu.

Fundi alilaza kipande cha tairi kuukuu ndani ya mpasuko, akavalisha, akajaza upepo. "Nyepesi kama mwiko," alisema akiizungusha hewani. "Lakini tairi ni lile lile, linataka upepo." Alituuzia na ming'oko ya kuchemsha iliyopikwa na mkewe. Ni viazi pori vyembamba, unavimenya kwa vidole na kula na chumvi na pilipili. Sijawahi kula kitu kitamu hivyo.

Shimo la Mungu

Newala ukifika unapelekwa Shimo la Mungu, na usipopelekwa, nenda mwenyewe. Uwanda unakatika ghafla. Chini ni bonde, miti inaonekana kama nyasi, na mbali kabisa uko mto Ruvuma na ng'ambo yake Msumbiji. Upepo unapanda kutoka chini na kukupiga kifuani. Tulikaa hapo jua likishuka.

Nikamwambia kilichoniuma si hela. Ni kwamba aliamua kama vile mimi sipo.

Akakaa kimya kidogo. "Na mkataba wako?"

Miezi mitatu kabla nilikuwa nimeongeza mkataba wangu wa kazi Dar kwa miaka miwili. Nilimwambia nikiwa nimeshasaini. Yeye alinipongeza, na mimi nikaamini pongezi. Kumbe nami nilikuwa na fremu yangu, na sikuificha hata uvunguni.

Hatukumaliza yote pale. Tulikubaliana mawili. Akaunti ya kiwanja iwe ya saini mbili. Na nikirudi niulize ofisini kama kuna nafasi huku kusini, kuuliza tu kwanza. Barua nimeshaipeleka. Majibu bado.

Tulirudi Masasi kesho yake kwa gari, baiskeli zimefungwa juu. Nilipoondoka kwenda Dar niliiacha pale. Haikai uvunguni tena, imetundikwa ukutani, na tundu la rimu ya nyuma bado ni pana.

Ukitaka kwenda nanyi

• Wakati: Juni hadi Agosti kuna baridi na njia ni kavu. Oktoba hadi Desemba ni msimu wa korosho, mji umechangamka lakini jua kali.

• Vifaa: Bebeni tyubu mbili, kipande cha tairi kuukuu cha kuweka ndani, na pampu. Kwenye mchanga punguzeni upepo kidogo.

• Baiskeli: Si lazima kaboni. Kabla ya kununua kipande pimeni kinapoingia, na pimeni kimo cha mpandaji!

• Maji: Jazeni chupa kabla ya kupanda. Juu maji ni mali ya mtu aliyeyahangaikia, ukipewa shukuru.

• Na mwenzako: Mwambie bei mapema.