Zebaki: Mzigo ambao hakuna mpagazi aliyeubeba Rwenzori

Mpenzi msomaji, ukitaka kufika mahali ambapo hutasikia honi ya matatu wala kunusa moshi wa kiwanda, panda basi la usiku hapa Nairobi, vuka mpaka pale Busia, na asubuhi utapambazukiwa Kampala. Hapo hujafika bado. Tafuta basi jingine la kuelekea magharibi hadi mji wa Kasese, ulio karibu na ikweta. Huhitaji pasipoti, kwani kitambulisho chako cha Kenya chatosha. Unachohitaji zaidi ni buti za mpira, koti la mvua na moyo wa subira.

Juu ya Kasese, mawingu yakikubali kufunguka, utaiona milima ya Rwenzori. Huu si mlima mmoja unaosimama peke yake kama Mlima Kenya. Ni safu nzima ya milima mpakani mwa Uganda na Kongo. Kilele chake kirefu zaidi, Margherita, kina mita 5,109, na barani Afrika kinapitwa na Kilimanjaro na Mlima Kenya tu. Uganda iliifanya milima hii kuwa mbuga ya taifa mwaka 1991, na mwaka 1994 ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Safari ya miguu huanzia Nyakalengija, katikati ya migomba na mibuni ya Wakonzo, ambao ndio wenyeji wa huko. Wazee wao husimulia kwamba Kitasamba, roho kuu ya milima, huishi juu kabisa kwenye theluji. Siku ya kwanza utapita msituni na kulala Nyabitaba. Siku ya pili utapita kwenye mianzi, kisha utaingia katika msitu wa ajabu ambao kila tawi limevaa ndevu ndefu za kijani. Siku ya tatu ni ya matope. Utavuka vinamasi vya Bigo ukiombea buti zako zisibaki humo, huku mimea ya lobelia na senesio ikiwa imesimama pande zote, mingine mirefu kuliko mtu mzima.

Na jioni ya siku hiyo, ukiwa hoi, utaliona Ziwa Bujuku. Liko karibu mita 3,900 juu ya usawa wa bahari, limezungukwa na milima ya Stanley, Speke na Baker. Hakuna kijiji wala barabara. Maji yake ni meusi na yametulia.

"Hiyo hatukuibeba"

Tulipofika, kiongozi wetu, mzee wa Kikonzo ambaye nywele zake zimeanza kuota mvi kwenye njia hiyo, alichota maji kwa kikombe cha bati akanywa. Nikakumbuka jambo nililokuwa nimelisoma kabla ya safari.

"Mzee," nikamwambia, "unajua kuna wataalamu waliopima matope ya maziwa ya milima hii wakakuta zebaki humo, tena imekuwa ikiongezeka?"

"Zebaki ndiyo nini?"

Nikamweleza kwamba ni ile madini ya majimaji inayong'aa kama fedha ndani ya kipimajoto cha zamani cha hospitali. Akafikiri kidogo, akamwaga maji yaliyobaki kikombeni.

"Ndugu yangu," akasema, "huku juu kila kitu tunakibeba sisi kwa migongo yetu. Mchele, makaa, mabati ya vibanda, hata misumari. Hiyo hatukuibeba. Basi nani aliileta?"

Swali hilo lilinikosesha usingizi kuliko baridi ya usiku ule. Hebu tulijibu pamoja, mimi nawe, msomaji.

Matope yasiyosahau

Kwanza, wataalamu walijuaje? Ziwa la mlimani hupokea vumbi, majani na mvua mwaka baada ya mwaka. Vyote hushuka chini na kulala kwenye sakafu yake, tabaka juu ya tabaka. Mtaalamu huja na mtumbwi mdogo, akadidimiza bomba katika matope hayo na kulivuta likiwa limejaa. Matope ya juu ni ya juzi, ya chini ni ya enzi za mababu. Huyakata vipande vyembamba, akapima umri wa kila kipande, kisha akapima zebaki iliyomo.

Hivyo ndivyo walivyofanya Handong Yang na wenzake katika baadhi ya maziwa ya Rwenzori, na mwaka 2010 wakachapisha waliyoyaona. Zebaki itokayo angani ilianza kuongezeka huko katika karne ya 19, na imeongezeka tangu hapo.

Usiogope kumwonea huruma mzee wetu kwa kikombe kile kimoja. Zebaki inayoshuka na mvua ni kidogo mno. Hatari yake ni ya taratibu, na nitaieleza. Kwanza tuwatafute washukiwa.

Nani alaumiwe?

Mshukiwa wa kwanza ambaye kila mtu wa Kasese atakuonyesha ni mgodi wa Kilembe, ulio chini ya milima hiyo hiyo. Shaba ilianza kuchimbwa kwa wingi huko mwaka 1956, na kazi ikasimama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mabaki yake yamewasumbua sana watu wa bonde la mto Nyamwamba. Lakini mto hauteremki kuelekea juu. Isitoshe, shaba ya Kilembe haikuyeyushwiwa pale, bali ilisafirishwa kwa gari la moshi hadi Jinja. Na jambo kubwa zaidi ni kwamba zebaki ilianza kuongezeka ziwani miongo mingi kabla ya mgodi huo kufunguliwa. Kilembe ina makosa yake, lakini hili si lake.

Mshukiwa wa pili ni volkano. Upande wa Kongo kuna Nyiragongo na Nyamulagira, na kweli moshi wa volkano huwa na zebaki. Hata hivyo, volkano hizo zimekuwa zikitoa moshi tangu kale. Haziwezi kutueleza kwa nini ongezeko limeanza katika karne ya makaa ya mawe na mitambo ya mvuke. Tena si Rwenzori pekee. Maziwa ya mbali katika mabara mengine, yasiyo na volkano karibu, yanasimulia hadithi hiyo hiyo: kwa wastani, zebaki inayoshuka leo ni karibu mara tatu ya ile iliyoshuka kabla ya enzi za viwanda.

Mshukiwa wa tatu ni barafu. Mwaka 1906, mwanamfalme wa Italia alipopanda vilele hivi, barafu ya Rwenzori ilifunika karibu kilomita 7 za mraba. Leo haifiki hata moja. Barafu ikiyeyuka huachilia kile kilichoanguka pamoja na theluji ya miaka iliyopita. Lakini barafu ni ghala tu. Mwenye mali ni mwingine.

Tunabaki na mshukiwa mmoja, naye ni binadamu. Zebaki ina tabia ambayo risasi na shaba hazina: hugeuka mvuke kwa urahisi, na mvuke huo huweza kuelea angani kwa miezi mingi, ukizunguka dunia nzima, kabla ya kushuka. Milima yenye mvua nyingi na misitu, kama Rwenzori, huunasa zaidi. Mvua huushusha, na majani huufyonza kisha kuanguka nao.

Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, mwaka 2015 shughuli za binadamu zilirusha angani zaidi ya tani 2,200 za zebaki. Asilimia 21 hivi ilitokana na makaa ya mawe. Viwanda vya kuyeyusha madini vilikuwa na sehemu yao, na vya saruji pia. Lakini aliyeongoza orodha, kwa karibu asilimia 38, hakuwa tajiri mwenye bomba refu la moshi. Alikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu.

Moshi wa jikoni kwetu

Hapo, msomaji, ndipo nilipojikuta nami nimo kwenye orodha ya washukiwa.

Nilizaliwa Nyatike, kaunti ya Migori, ambako dhahabu imechimbwa tangu enzi za mkoloni. Kaka yangu mkubwa ni mchimbaji. Mawe husagwa yakawa unga, unga huchanganywa na maji na zebaki katika karai, nayo zebaki hukumbatia chembe za dhahabu. Halafu huikamua kwa kitambaa akabaki na donge linalong'aa. Donge hilo huwekwa juu ya makaa. Zebaki hupaa, dhahabu hubaki.

Kwa miaka mingi donge hilo lilichomewa jikoni kwa mama, kando ya sufuria ya ugali, sisi watoto tukiota moto. Hakuna aliyetuambia kwamba mvuke ule hudhuru ubongo na figo, hutetemesha mikono, na kwamba humwonea zaidi mtoto mdogo na yule aliye tumboni. Na sitakuficha jambo hili: karo yangu ya chuo cha uanahabari ilitoka katika makaa hayo. Kalamu ninayokuandikia nayo ilinunuliwa na moshi ule.

Sehemu ya moshi huo ilishuka papo hapo, juu ya paa letu, mtoni na ziwani. Sehemu nyingine ilipaa ikajiunga na moshi wa dunia nzima, ule usio na mpaka wala pasipoti.

Ikifika kwenye matope ya ziwa au ya bahari, vijidudu huigeuza kuwa aina ya sumu iliyo kali zaidi. Mdudu hula vijidudu, samaki mdogo akala mdudu, samaki mkubwa akamla mdogo, na kila hatua sumu inazidi. Ndiyo sababu mbuta mkubwa wa Ziwa Viktoria huwa na zebaki nyingi kuliko samaki wadogo, ingawa vipimo vingi vimekuwa chini ya kiwango kinachokatazwa. Mahali ilipopita kiasi ni Minamata, Japani. Kiwanda kilimwaga zebaki baharini, watu wakala samaki, na mwaka 1956 ukatambuliwa ugonjwa ulioua na kulemaza maelfu. Mkataba wa kimataifa wa kupunguza zebaki, uliopitishwa 2013 na kuanza kutumika 2017, umepewa jina la mji huo.

Maji ya Ziwa Bujuku nayo hayakai mlimani. Huteremka kwa mto Mubuku hadi Ziwa George, yakapita Ziwa Edward na mto Semliki hadi Ziwa Albert, kisha yakajiunga na Nile. Aliye Khartoum ana sababu ya kuuliza swali la mzee wetu.

Nilipoteremka, sikurudi Nairobi moja kwa moja. Nilipitia Nyatike nikamwonyesha kaka picha ya ziwa. Akacheka.

"Omera, moshi wangu huu mdogo ufike Uganda?"

Nikamweleza kwamba wadogo kama yeye duniani ni mamilioni. Akanyamaza. Kisha akaniuliza, "Na karo ya watoto wangu je? Italipwa na ziwa?"

Sikuwa na jibu la kumshinda, nawe usidanganywe na mtu aliye na jibu jepesi. Kuna vifaa vya chuma vilivyofungwa ambavyo hunasa mvuke na kumrudishia mchimbaji zebaki yake, na kuna njia za kutenga dhahabu bila zebaki kabisa, lakini vyote vinahitaji pesa na mafunzo. Kwetu mjini kazi ni rahisi zaidi. Usinunue krimu ya kung'arisha ngozi usiyojua ndani yake mna nini, kwani nyingine zina zebaki. Kipimajoto cha zamani kikivunjika, fungua madirisha, watoe watoto chumbani, wala usikifagie. Na ukivaa pete ya dhahabu, jiulize ilichomewa jikoni kwa nani.

Juma lililofuata mama alinipigia simu. Kaka alikuwa amelihamisha jiko lake la dhahabu hadi nje ya boma, mbali na watoto. Nilifurahi, kwa kuwa wajukuu wa mama sasa wanakula ugali wao bila ule mvuke.

Lakini moshi bado unapaa. Ukienda Rwenzori, na nakuomba uende, chagua Januari na Februari au Juni hadi Agosti, miezi ambayo mvua hupungua. Utakapofika Bujuku, utamkuta mpagazi amebeba kila kitu chako isipokuwa kimoja. Hicho utakuwa umekituma mwenyewe kabla hujaondoka nyumbani.