Kiti Chenye Nambari

Wasomaji wetu wajua ya kuwa Nyangamara hatuna gari la moshi. Reli ya karanga, iliyofika Nachingwea mwaka 1949, ilifungwa katika miaka ya 1960, na vyuma vyake vikang'olewa. Basi adabu ya safari tumejifunza katika basi, na adabu yenyewe ni neno moja: sogeeni. Mtoto hupakatwa, mzigo huwekwa miguuni, na kijana humpisha mzee.

Kwa adabu hiyo tulifika Dar es Salaam mwaka 2024, sisi na mzee mmoja wa kwetu, tukapanda gari la umeme liendalo Dodoma, lililoanza safari hizo mwezi wa Julai mwaka ule. (Wengi waliita gari la moshi hata sasa, ingawa moshi halina.) Tiketi huonyesha behewa na nambari ya kiti. Mzee hasomi, sisi ndio tuliomsomea. Kiti chake kilikuwa cha kando ya njia, safu ya nyuma, walakini tulimketisha dirishani karibu nasi, apate kuitazama nchi.

Akaja binti mmoja, tiketi mkononi. Akatazama nambari, akamtazama mzee.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Hakuongeza neno. Alisimama akishika mgongo wa kiti hata tukavuka Pugu, nasi tukamsifu kwa sauti kwamba amelelewa vema! Alipokuja mkaguzi ndipo mambo yakajulikana. Mzee alifadhaika sana, akatuuliza kwa lugha ya kwetu sababu ya kumfanya mnyang'anyi mbele za watu. Hatukuwa na jibu. Binti akasema angalimpa kwa furaha, kama angaliombwa.

Wanaotaka kuketi pamoja na wakate tiketi pamoja, mapema. Atakaye kubadilishana na aombe kabla ya kuketi, tena atoe kiti kilicho sawa na kile anachokitaka. Na akikataliwa, asinune. Zamani katika TAZARA tuliona wanaume na wanawake wakilala vyumba mbalimbali, isipokuwa jamaa waliochukua chumba kizima. Mume asiyeuliza mapema alishangaa usiku.

Tulipopita Morogoro, binti alimwita babu aje dirishani. Mzee hakuinuka. Alitaka kwanza mkaguzi aitwe, aulizwe.